Mafunzo Niliyopata kwa Wanafunzi wa Kishapu Waliowachangia Wakimbizi

Mwaka 2015 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya kata wilayani Kishapu, na mlezi wa kikundi cha wanafunzi waliojipanga kuwachangia Warundi waliokuwa wakiingia Kigoma. Wanafunzi ndio walioongoza. Mimi niliwaandikia barua za utambulisho, nikawasindikiza kwenye ofisi za wakubwa, kisha nikakaa nyuma na kutazama. Sasa nimestaafu, nao ni watu wazima wenye kazi na familia. Haya ninakuandikia wewe ambaye najua utaanzisha kikundi chako, iwe Kishapu, Kahama au Geita. Moyo unao tayari. Ninachotaka kukupa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

1. Ijue habari kabla ya kushika boksi la mchango

Mwezi wa Mei redio zilikuwa zikitaja Kagunga kila jioni. Wanafunzi walinifuata na boksi walilokwisha kulitoboa juu, wakiomba ruhusa ya kwenda mnadani. Kabla sijajibu, msichana mmoja wa kidato cha pili akawauliza wenzake, "Tukiulizwa kwa nini wamekimbia, tutajibu nini?" Hakuna aliyejibu. Wakaahirisha safari wenyewe, wakaenda kutafuta habari.

Walirudi na mengi. Aprili mwaka ule chama tawala cha Burundi kilikuwa kimemteua Pierre Nkurunziza kugombea urais kwa muhula wa tatu. Maandamano yakazuka Bujumbura, na tarehe 13 Mei likatokea jaribio la mapinduzi ambalo halikufaulu. Watu wakakimbia. Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kikapokea makumi ya maelfu ya wageni waliolala ufukweni wakisubiri usafiri. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa inawabeba hadi Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia, na kabla ya mwisho wa Mei wagonjwa walikuwa wamefikia takriban 3,000 na waliofariki zaidi ya 30, wakiwemo Watanzania.

Walipokwenda mnadani, mkulima mmoja wa pamba aliwasimamisha akawauliza swali baada ya swali. Walimjibu yote bila kubabaika. Akatoa fedha, kisha akawaita jirani zake waje nao wasikilize. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyehurumia hutoa mara moja, lakini aliyeelewa hutoa na kwenda kuwaeleza wengine. Mwanafunzi hana fedha wala gari. Uwezo wake mkubwa ni kusoma jambo na kulieleza vizuri, kwa hiyo aanze na huo.

2. Wazee wa kwenu wanajua zaidi ya unavyodhani

Kikundi kilipita vijijini kuomba ushauri kabla ya kuomba mchango. Nyumba moja waliingia, wakaamkia, wakakaribishwa viti. Walipomaliza kueleza, mzee akasema, "Wanangu, chakula cha wakimbizi kimepita mgongoni mwangu." Alikuwa amebeba mizigo Isaka.

Wanafunzi wengi waliijua Isaka kama mahali pa malori tu. Mzee akawasimulia habari za mwaka 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Treni ilileta magunia ya chakula hadi Isaka, pale yakashushwa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Ngara. Vijana wa mkoa wetu ndio waliokuwa wakiyashusha, usiku na mchana.

Masimulizi yale yaliwafungua macho, wakaendelea kuchimba. Walikuta kwamba mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi nchi ilivyowapokea wakimbizi. Walikuta pia kwamba Tanganyika Christian Refugee Service, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi, baadaye liliendesha miradi ya maendeleo katika vijiji vya Kishapu yenyewe. Shirika lililozaliwa kwa ajili ya wageni lilikuja kuwahudumia wenyeji.

Tangu siku hiyo wanafunzi hawakuzungumzia tena wakimbizi kama habari ya mbali. Walianza kila mkutano na Isaka, na watu waliinua vichwa. Tafuta uzi unaoliunganisha jambo hilo na kijiji chako. Mara nyingi upo, na anayeushika ni mzee ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza.

3. Usimwamulie maskini kwamba hana cha kutoa

Ubishi mkubwa wa kikundi ulihusu nani aombwe. Wengine walitaka waende kwa wafanyabiashara wa Maganzo, watumishi wa serikali pale Mhunze na wafanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, basi. Walisema wakulima waachwe: Kishapu ina mvua za kubahatisha, na mwaka mbaya watu hula mlo mmoja. Wengine wakasema kumruka mtu ni kumdharau. Waliosema hivyo walishinda kura.

Kilichofuata kilinishangaza. Akina mama walileta dengu na choroko kwa sado. Wengine walileta michembe, viazi vitamu walivyokuwa wamevikausha kwa ajili ya familia zao. Mama mmoja mjane, ambaye wanafunzi walisita hata kupiga hodi kwake, aliwaambia, "Mwaka wa njaa tulikula chakula cha msaada. Aliyekitoa hakunijua. Na mimi leo nampa nisiyemjua."

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi. Duniani kote wakimbizi wengi hupokelewa na nchi zisizo tajiri, kwa sababu mtu anayekimbia huishia kwa jirani. Uganda imewapokea zaidi ya milioni moja. Kigoma, iliyowabeba Warundi na Wakongo kwa miongo kadhaa, si mkoa wa matajiri. Kwa hiyo ukimwomba mkulima wa Kishapu unampa nafasi katika kazi ambayo watu wa hali yake wamekuwa wakiifanya siku zote. Mwombe kwa heshima, naye aamue mwenyewe.

4. Uliza kinachohitajika, na kitafikaje

Chumba kimoja cha darasa kilijaa dengu, choroko, mahindi na nguo. Wanafunzi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kisha kiongozi wao akaleta swali gumu: vitu hivi vitafikaje kambini Nyarugusu, huko Kigoma? Waliifuata barabara kwenye ramani: Kahama, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, hadi Kasulu. Wakauliza gharama ya kukodi lori, wakakuta ingemeza sehemu kubwa ya thamani ya mzigo wenyewe.

Wakajifunza na jambo la pili. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, wakimbizi huishi katika maeneo yaliyotengwa, na mgeni haingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Huwezi kufika langoni na magunia ukaanza kugawa.

Walikwenda Shinyanga mjini kwa mtumishi wa shirika moja la misaada, wakamuuliza kinachohitajika zaidi. Aliwaeleza kwa utulivu. Penye kipindupindu, kinachookoa maisha ni maji safi, sabuni, vyoo na dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Hivyo hununuliwa karibu na kambi kwa bei nafuu, mradi fedha zipo.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokusihi ukiige. Hawakuuza mazao kimyakimya. Walirudi kwa waliotoa, wakawaeleza sababu, wakaomba ridhaa. Karibu wote walikubali. Waliopenda kurudishiwa nguo zao walirudishiwa kwa shukrani. Mazao yakauzwa mnadani mchana kweupe, fedha zikapelekwa kupitia akaunti rasmi. Mchango uliompendeza mtoaji unaweza usimfae mpokeaji, na ni kazi yako kulijua hilo mapema.

5. Hesabu zibandikwe ukutani

Usisahau hali ya miaka ile. Wananchi walikuwa wametoka kuchangishwa ujenzi wa maabara kwa kila shule ya kata, wengine kwa kusukumwa. Neno mchango lilikuwa linawachosha watu. Mnadani mwanamume mmoja alisema kwa sauti, "Hizo zitaliwa tu."

Mweka hazina alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye mwandiko mzuri. Hakubishana naye. Alimwonyesha daftari, akamwambia hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji, na kwamba yeyote anaweza kuja kuzisoma. Walikuwa na utaratibu wao: wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, na anayetunza boksi hatunzi ufunguo. Kila sado ya dengu iliandikwa, bei iliyouziwa ikaandikwa, makato ya kutuma fedha kwa simu yakaandikwa, na stakabadhi ya kupokelewa ikabandikwa pembeni.

Yule mwanamume alikuja. Alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, akaondoka bila kusema kitu. Mnada uliofuata alileta mchango wake na kusubiri jina lake liandikwe.

Uaminifu wako moyoni hakuna anayeuona. Watu huona karatasi. Na kijana anayejifunza kutoa hesabu ya fedha kidogo hadharani amejifunza uongozi kuliko aliyehutubia mikutano mia.

6. Mkimbizi ana kazi, ana akili, ana heshima yake

Mwanafunzi hodari wa kuchora alitengeneza bango la mtoto aliyekonda, machozi yakimtoka. Wote walilisifu. Mwalimu mwenzetu mmoja alilitazama kwa muda, akauliza, "Huyu mtoto akiliona, angependa litundikwe?" Kisha akawaambia jambo ambalo wengi hatukulijua. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, naye alizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Tabora. Alikuwa miongoni mwa watu takriban 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania baada ya serikali kuwafungulia mlango. Wanafunzi walikuwa wamemfahamu siku zote kama mwalimu tu, na mwalimu mzuri.

Alisimulia jinsi baba yake alivyofyeka pori na kulima, na jinsi makazi yale yalivyokuja kulisha watu wengine. Wanafunzi wakachora upya: fundi cherehani kazini, mama akiuza nyanya, mwanafunzi na daftari lake. Waliposikia kwamba watoto wa Nyarugusu walikuwa wakisoma mtaala wa nchi zao, Wakongo wa kwao na Warundi wa kwao, wakijiandaa kwa mitihani kama wao, maswali hayakuisha mpaka kengele ikagonga.

Mwalimu yule alichagua mwenyewe kusema. Usimlazimishe mtu kusimulia yaliyomkuta, na usitumie picha wala jina lake bila ridhaa. Ukiwaonyesha watu mtu wa kulilia, watatoa sarafu na kugeuka. Ukiwaonyesha mtu wa kujenga naye, wataanza kuuliza afanyeje kazi, asome wapi.

7. Jenga kikundi kitakachobaki ukihitimu

Redio ziliacha kuitaja Kagunga, lakini watu hawakuacha kuja. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015, Mtendeli ikafuata Januari 2016. Nyarugusu yenyewe ipo tangu 1996. Waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa chakula wa wakimbizi walioko Tanzania hadi nusu kwa kukosa fedha, na sikusikia boksi lolote likizungushwa mnadani.

Viongozi wa kikundi chetu waliliona hilo mapema. Kabla ya kuhitimu walichagua warithi wao kutoka kidato cha pili, wakawakabidhi daftari la hesabu, majina ya ofisi za kwenda na maelezo ya kila hatua. Wakaiweka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kuwa siku yao ya kutoa elimu kila mwaka, hata mwaka usio na habari kubwa.

Kwa mbali nimeona mfano unaofanana. Tangu 1978, chini ya World University Service of Canada, wanafunzi wa vyuo vya Kanada wamekuwa wakikubali kuongeza kiasi kidogo kwenye ada zao, na fedha hizo humwezesha kijana mkimbizi kwenda kusoma pamoja nao. Wengi wametoka Dadaab na Kakuma, nchini Kenya. Kila mwanafunzi hutoa kidogo, lakini makubaliano hurithishwa, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo wiki hii itisha kikao. Chagueni mweka hazina kabla ya mwenyekiti. Mtumeni mmoja akasome habari ya Wakongo na Warundi walioko Kigoma, mwingine akamuulize bibi au babu yake anakumbuka nini, na wa tatu aende kwa mkuu wa shule kuomba kibali. Na katika kikao hicho hicho, mkaribisheni mwanafunzi wa kidato cha kwanza akae karibu na daftari, maana yeye ndiye atakayeliandika mtakapokuwa mmeondoka.