Macho ya Mwenye Kisukari: Matibabu Yasiyo ya Siku Moja

Leo twapenda kujifunza habari za ugonjwa wa macho unaowapata watu wenye kisukari. Ugonjwa huu huja kimya kimya. Jicho haliumi wala haliwi jekundu, na mara nyingi mwenye nao huona vema mpaka madhara yamekwisha kuwa makubwa.

1. Ugonjwa wenyewe. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, mna utando mwembamba uitwao retina. Ndio upokeao nuru na kuupasha ubongo habari za vitu tuvionavyo. Utando huo hulishwa na mishipa midogo ya damu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, mishipa hiyo huharibika. Mingine huvuja, na retina huvimba; mingine huziba, na jicho likikosa damu huotesha mishipa mipya iliyo dhaifu. Hiyo mipya hupasuka upesi na kulijaza jicho damu, au huvuta retina hata ibanduke mahali pake.

2. Matibabu yake. La kwanza halihusu jicho peke yake, nalo ni kutawala sukari na shinikizo la damu. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1998 ulionyesha ya kuwa jambo hili hupunguza madhara ya macho.

La pili ni nuru. Mwaka 1949 mganga Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, alitibu retina kwa mwali wa jua ulioelekezwa kwa vioo. Siku hizi hutumika nuru ya leza. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1976 ulionyesha ya kuwa nuru hupunguza hatari ya kupotewa na macho kwa zaidi ya nusu. Lakini tusidanganyike: kazi yake hasa ni kulinda uwezo uliobaki, wala si kurudisha uliokwisha potea.

La tatu ni sindano ya ndani ya jicho, baada ya kutiwa ganzi. Dawa zake, kama bevacizumab, ranibizumab na aflibercept, huizuia mishipa isivuje wala isiote mipya. Mwanzoni hutolewa kila mwezi. Baadaye mganga huongeza nafasi kwa kadiri aonavyo.

La nne ni upasuaji wa kuondoa damu na ute uliomo ndani ya jicho. Robert Machemer aliuanzisha huko Miami mwaka 1970.

3. Mahali wengi wajikwaapo. Tuseme mtu amepata sindano tatu, naye aweza tena kusoma. Asema, "Nimepona," na nauli ya safari ya nne ainunulia mbolea. Hatumlaumu, maana njia ni ndefu na fedha ni haba. Lakini sindano haikuung'oa ugonjwa; imeufunga kwa muda tu. Nguvu ya dawa ikiisha, mishipa huanza tena kuvuja, na huenda siku atakayorudi asipate tena yale aliyokuwa nayo. Kuona vema ni dalili ya kuwa dawa yafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha.

4. Yatupasayo. Kila mwenye kisukari na aangaliwe retina mara moja kila mwaka, hata kama aona vizuri. Na mwanamke mwenye kisukari aangaliwe mapema achukuapo mimba. Aendaye na afuatane na mwenziwe, kwa kuwa dawa ya kupanua mboni humtia ukungu machoni kwa saa kadhaa. Mkoani Kilimanjaro iko idara ya macho katika hospitali ya KCMC, Moshi. Walio mbali na waulize katika zahanati yao njia ya kupelekwa kwa mganga wa macho.

Nanyi walimu, mwendapo kuwatazama wagonjwa, msiulize tu, "Waonaje leo?" Ulizeni pia, "Siku yako ya kurudi ni lini, na nauli iko?" Swali hilo la pili laweza kuokoa jicho la mtu.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini kuona vizuri si ushahidi wa kwamba retina ni nzima?
2. Nuru ya leza hulinda nini?
3. Katika mtaa wetu ni nani mwenye kisukari ambaye hajaangaliwa macho mwaka huu, nasi tutamsaidiaje?