Dondoo muhimu: Nairobi hadi New York

Kutoka JKIA hadi JFK ni takriban kilomita 11,800: saa 15 hivi kwa ndege ya moja kwa moja, kurudi pungufu kidogo kwa kusukumwa na upepo.

1. Usikokotoe muda wa safari kwa saa za tiketi pekee. New York iko nyuma kwa saa 8, au 7 majira ya joto.
2. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe uwanjani tarehe 14 jioni! Wengi hutokea kesho yake, masanduku yamefungwa kamba vizuri kabisa.
3. Ukiona +1 kando ya saa ya kutua, utafika kesho yake; mwambie anayekupokea.
4. Foleni ya magari ya Mombasa Road, ukielekea JKIA, nayo ihesabu.