Madam Hajalipa? Usitoroke Kwanza

Wadogo zangu mlioko Qatar, swali lenu kubwa huwa hili: "Dada, madam hajanilipa miezi mitatu, nitoroke?" Hapana. Ukiondoka kabla hujapeleka malalamiko, bosi anaweza kuwahi kuripoti kwamba umetoroka, na hapo wewe unayedai ndiye utakayeanza kujitetea. Mtangulie. (Kama unapigwa au unaingiliwa kwa nguvu, hayo ni mengine: toka sasa hivi, nenda polisi au ubalozini.)

Wafanyakazi wa nyumbani mna sheria yenu huko, Namba 15 ya mwaka 2017. Inataka mshahara ulipwe mwisho wa mwezi, usipite tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Inakupa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Kazi isizidi saa 10 kwa siku, isipokuwa mmekubaliana vingine, na hayo maneno ya mwisho mimi siyapendi, maana ndiyo waajiri wanayojifichia. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi vikiwa juu ya bosi. Gharama za kukuleta hazikatwi kwenye mshahara wako, na pasipoti ni yako, si ya kufungiwa kabatini kwa madam.

Malalamiko yanapelekwa Wizara ya Kazi. Msiposuluhishwa, yanakwenda kwenye Kamati ya Kusuluhisha Migogoro ya Wafanyakazi. Sheria inaipa kamati wiki tatu kutoa uamuzi, ingawa msishangae mambo yakivuta miezi. Mfanyakazi halipi ada, kwa hiyo anayekuomba pesa ya "kufungua faili" ni tapeli. Kamati ya Taifa ya Haki za Binadamu pale Doha nayo hupokea malalamiko bure.

Ila hata msaada huo wa bure hauwezi kukutungia ushahidi. Wengi mnalipwa taslimu mkononi, risiti hakuna, halafu madam anaapa kwamba alishalipa. Mwandikie kwa WhatsApp, kwa adabu tu: "Madam, mshahara wangu wa Mei nitaupata lini?" Akijibu "wiki ijayo", amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe. Piga picha ya jibu hilo, mtumie ndugu yako nyumbani siku hiyohiyo, maana simu inaweza kunyang'anywa. Uwe na kijidaftari pia: tarehe, saa ya kuamka, saa ya kulala, pesa uliyopokea. Na usitie sahihi karatasi ya Kiarabu usiyoielewa, hasa ile inayoletwa siku ya kusafiri, begi likiwa tayari mlangoni. Mara nyingi imeandikwa kwamba umeshalipwa kila kitu.

Uliyerudi Kenya bila haki yako, hujachelewa kumkabili ejenti aliyekupeleka. Kituo Cha Sheria na FIDA Kenya wanatoa msaada wa kisheria bila malipo. Nenda na mkataba na meseji, hata kama ni vipande.

Nawe unayepanda ndege wiki hii, hakikisha ejenti wako amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kisha piga picha kila ukurasa wa mkataba, umtumie mama leo, kwa sababu wapo waliofika wakapewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo zaidi.