SIMU ISIYO NA NYUZI

Wengi wetu tunasema ile simu ya kutembea nayo nyumbani haina nyuzi. Si kweli kabisa. George Sweigert, Mwamerika, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1969: mkononi radio ndogo, mezani sanduku, na sanduku lile limefungwa kwa waya ya mji. Waya ikikatika, maneno yameisha.

Telecel, aliyoianzisha injenieri Miko Rwayitare kule Kinshasa mwaka 1986, ilifanya ingine: antena kubwa zilishika fasi ya sanduku. Lakini bei yake, mama! Wakubwa na matajiri tu njo walinunua. Tena sauti ilipita hewani bila kufichwa. Mwenye radio ya kufaa aliisikia. Walilipa mingi, na siri zao zikapita juu ya vichwa vya watu wote.