Bei Itashuka au Itashushwa? Kauli za Vitenzi katika Mabishano ya Sera za Uchumi, Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa 2022

Utangulizi

Mtaa wa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, unamfaa mwanafunzi wa isimu hata kabla wakazi wake hawajafungua vinywa. Mwenye kushikilia upatanisho wa ngeli ya KI-VI angetarajia "Kisumu Kidogo". Wazungumzaji wameamua vingine: jina la mahali limepewa upatanisho wa ngeli ya I-ZI, kama lilivyopewa jina la kaunti yenyewe mtu anaposema "Kilifi nzima". Jina la mji mama ulio kando ya Ziwa Viktoria nalo, kwa maelezo ya wengi, latokana na neno la Kidholuo lihusulo kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana bidhaa. Uchumi, basi, umo ndani ya jina.

Makala haya yanachunguza jinsi ahadi za uchumi zilivyosemwa kwa Kiswahili kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, na jinsi mpiga kura wa mtaa kama huu angeweza kuzipima kwa kutumia sarufi anayoijua tangu utotoni. Aghalabu uchanganuzi wa lugha ya siasa huishia kwenye tamathali za usemi. Hapa mkazo umewekwa kwenye kitenzi, kwa kuwa ndicho kinachobeba mtenda, mtendwa na wakati. Na ahadi isiyo na vitu hivyo vitatu haidaiki.

Usuli wa mabishano

Muungano wa Azimio la Umoja–One Kenya ulizindua manifesto yake tarehe 6 Juni 2022, na Kenya Kwanza ukafuata tarehe 30 Juni. Azimio, chini ya Raila Odinga, uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa takriban kaya milioni 2 zenye uhitaji. Kenya Kwanza, chini ya William Ruto, uliahidi mfumo wa uchumi wa kuanzia chini kwenda juu, pamoja na hazina ya shilingi bilioni 50 kwa mwaka ya kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. George Wajackoyah wa chama cha Roots alidai kwamba bangi na ufugaji wa nyoka vingelipa deni la taifa, lililokuwa limefika takriban shilingi trilioni 8.6. Mgombea wa nne, Waihiga Mwaure wa chama cha Agano, hakuvuta mjadala mkubwa.

Pwani ilikuwa na hesabu yake ya zamani. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Maeneo mengine yangesubiri faida iwafikie. Kwa hivyo msemo "kuanzia chini" ulipofika Kilifi haukufika kwenye masikio matupu, maana huko watu walikuwa wamesubiri ya juu yateremke kwa zaidi ya nusu karne. Agizo la mwaka 2019 la kusafirisha shehena kwa reli mpya hadi Nairobi liliongeza uchungu, hasa kwa miji iliyoishi kwa malori kama vile Mariakani. Chama cha PAA, kilichohusishwa na Amason Kingi aliyekuwa gavana wa Kilifi, kilihama Azimio Mei 2022 na kujiunga na Kenya Kwanza, na suala la bandari likawa miongoni mwa hoja zake.

Hasla na azimio

Neno "hasla" lilipoingia Kiswahili liliacha maana moja nyuma. Katika Kiingereza cha asili laweza kumaanisha laghai. Katika Kiswahili cha kampeni lilimaanisha mchumia jasho, jamaa wa karibu wa "mlalahoi" na "kabwela". Likachukua wingi wa MA-, "mahasla", likabaki na upatanisho wa viumbe: mahasla wanasema, hayasemi. Kinyume chake kilikuwa "wenye nasaba". Upinzani huo ulikuwa na nguvu kwa sababu uliwagawa wapiga kura kwa mifuko badala ya makabila, ingawa aliyeutumia alikuwa Naibu wa Rais kwa takriban miaka kumi.

"Azimio" nalo si neno lisilo na kumbukumbu. Kwa msomaji wa Kiswahili, humkumbusha Arusha, 1967, na kutaifishwa kwa mabenki. Muungano wa Odinga haukukusudia kutaifisha chochote, lakini ulinufaika na harufu ya usawa iliyobaki katika neno hilo.

Kauli na mtenda aliyefichwa

Kaulimbiu mbili za kampeni zastahili kuwekwa ubaoni. "Inawezekana" ya Azimio imejengwa kwa mzizi -wez-, ukaongezewa viambishi vya kutendeka na kutendana. Hakuna mtu anayeweza. Jambo lenyewe ndilo linalowezekana. "Kazi ni kazi" ya UDA haina hata kitenzi kamili: kishirikishi "ni" hakina wakati wala mtenda. Kaulimbiu ya kwanza yatia tumaini na ya pili yatia heshima, lakini hakuna inayoahidi.

Chukulia sasa mabishano ya aina inayosikika kwenye vibaraza vya Malindi wakati wa kampeni, kati ya mwendesha tuktuk na mama muuza mahamri.

"Bei ya unga itashuka, mama."
"Itashuka yenyewe, mwanangu, au itashushwa?"
"Itashushwa."
"Na nani, na kwa pesa za nani?"

Mama huyu wa kubuni amefanya kazi ya mwanaisimu. "Kushuka" ni kitenzi kisicho elekezi: bei yateremka kama jua litwavyo. "Kushushwa" kunakiri kwamba yupo mshushaji, japo hatajwi. "Tutashusha" tu ndiyo inayomfunga msemaji. Swali lake la mwisho linavuka sarufi na kuingia katika hesabu, na hapo ndipo mabishano mengi hukatika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shilingi 6,000 kwa kaya milioni 2 ni bilioni 12 kwa mwezi, yaani bilioni 144 kwa mwaka, katika nchi ambayo bajeti yake ya 2022/23 ilikuwa takriban trilioni 3.3. Jambo hilo si muhali, lakini si dogo: lazima kitu kikatwe, kodi iongezwe au deni likue. Kitenzi cha ahadi kilikuwa "kupewa". Kwa upande wa pili kitenzi kilikuwa "kupata": utapata mtaji. Lakini mtu hupata mtaji kwa njia mbalimbali, na njia iliyokusudiwa ilikuwa kukopa. Hazina hiyo ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mikopo yake ilikuwa kati ya shilingi 500 na 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ilipwe ndani ya siku 14, na asilimia 5 iwekwe akiba. Aliyekopa 500 alipokea 475. Kwa muuza mahamri hiyo ni pesa ya unga na mafuta ya siku chache. Kuiita mtaji ni kulinyoosha neno kupita urefu wake.

Ruzuku ilizua ubishi mkali zaidi, kwa sababu tumbo halisubiri. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 8.3 Julai 2022, na mwezi huohuo serikali ya Uhuru Kenyatta ikashusha pakiti ya kilo mbili ya unga kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100, kwa muda mfupi tu. Hapa mshushaji alijulikana, na saa aliyochagua ikazua shaka. Ruto alipoapishwa Septemba 2022 aliiondoa ruzuku ya ulaji na kutilia mkazo uzalishaji: mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukauzwa shilingi 3,500. Mchumi aweza kulitetea hilo. Hata hivyo, mpangaji wa chumba kimoja mjini hana shamba la kutia mbolea. Nafuu yake itapitia kwa mkulima, msagaji na mchukuzi kabla ya kufika dukani.

Kufufua

Ipo ahadi moja ambayo kila chama huileta Kilifi: "tutafufua kiwanda cha korosho". Mtenda yupo, na wakati upo. Kasoro iko ndani ya sitiari. Kinachofufuliwa kilikufa, na kifo huchukuliwa kuwa amri ya Mungu. Kiwanda cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970, kilifungwa katika miaka ya 1990 kwa sababu za kibinadamu: usimamizi, madeni na ubinafsishaji. Mwaka 2009 Ruto mwenyewe, akiwa Waziri wa Kilimo, alipiga marufuku uuzaji nje wa korosho ghafi ili wabanguaji wa ndani wapate malighafi. Sera hiyo ina sura mbili: humlinda mbanguaji, na wakati uohuo humpunguzia mkulima idadi ya wanunuzi wanaoshindania gunia lake.

Katika matokeo, Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga. Kilifi ilimpa Odinga kura nyingi zaidi, na Gideon Mung'aro wa ODM akachaguliwa gavana dhidi ya Aisha Jumwa wa UDA. Siku ya kuapishwa kwake, Ruto alitangaza kurejeshwa kwa uondoaji wa shehena bandarini Mombasa. Kuhusu korosho, swali ambalo mpiga kura wa Kisumu Ndogo aweza kumuuliza mgombea yeyote wa Agosti 2027 ni fupi: gunia litanunuliwa na nani, kwa bei gani, na litalipwa lini?