Mahali Patakatifu pa Jirani

Nyumba ya sala hufundisha hata ikiwa tupu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107 penye kibla. Nacho kibla chaelekea kaskazini, kwa kuwa huko ndiko Makka iliko. Kanisa la Namugongo, Uganda, lenye umbo la nyumba ya Kiganda, lina nguzo 22, hesabu ya Wafiadini Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Karibu yake Waanglikana nao huwakumbuka wafiadini wao.

Mlimani Meru je? Huko Akeri, Oktoba 1896, wamisionari wa Kilutheri Ovir na Segebrock waliuawa pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Serikali ya Wajerumani ikalipiza kisasi kikali: Wameru na Waarusha wengi waliuawa, ng'ombe wao wakatekwa. Mwaka 1902 Walutheri walirudi, wakaanzisha misioni ya Nkoaranga.

Je, yafaa jamaa ya Kikatoliki kuzuru mahali hapo? Twajibu: yafaa sana. Kuliheshimu kaburi la jirani si kuiacha imani yako. Lakini mwenye kuhiji vema huwaombea wote: wageni wawili ambao majina yao yaandikwa vitabuni, Wachaga ambao ni wachache wawatajao, na wenyeji waliouawa kwa kisasi. Mzazi awafundishaye wanawe majina mawili tu, amewafundisha nusu ya habari. Na nusu ya habari haijapatanisha watu kamwe.