Sokwe na Mama Yake

Wengi wetu tumemsikia sokwe akitajwa, lakini waliomwona kwa macho ni wachache. Yafaa tumjue, kwa maana yuko katika nchi yetu ya Tanzania, katika misitu ya Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika.

Umbo lake. Sokwe si kima wala nyani, kwa kuwa hana mkia. Manyoya yake ni meusi, ila uso, viganja na nyayo ni vitupu. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu; atembeapo huinama na kuegemea vifundo vya vidole vya mikono. Kidole gumba cha mguu kimejitenga na vingine, hata aweza kushika tawi kwa mguu. Dume mzima wa Gombe ana uzito wa kilo 40 hivi. Jike hupungua kidogo.

Jamaa yake. Sokwe hukaa kwa makundi. Huketi pamoja na kuchambuana manyoya. Na waliogombana hupatana kwa kunyosheana mkono au kukumbatiana. Lakini wana ukali pia: katika miaka ya 1974 hata 1978 kundi moja la Gombe liliwaua madume wa kundi jirani.

Malezi. Jike huchukua mimba miezi minane, kisha huzaa mtoto mmoja. Kwanza mtoto hung'ang'ania tumboni mwa mama, baadaye hupanda mgongoni. Nyuma yake ana kishungi cha manyoya meupe. Wakubwa wakikiona humvumilia hata akiwasumbua. Hunyonya miaka minne au mitano, na kila usiku hulala pamoja na mamaye katika kitanda cha matawi juu ya mti.

Tena mama ndiye mwalimu wake. Mwaka 1960 Bibi Jane Goodall, Mwingereza, alimwona sokwe wa Gombe akitia bua la nyasi katika kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akawala. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani ya kuwa mtu peke yake ndiye atengenezaye vyombo vya kazi. Wala hakuna sokwe azaliwaye akiijua kazi hiyo. Mtoto huketi karibu na mamaye akitazama na kujaribu, hata aiweze.

Huko Gombe palikuwa na jike mzee aliyeitwa Flo, na mwanawe Flint. Flo alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa amekwisha kutimiza miaka minane, aweza kujitafutia chakula. Lakini alikaa kwa huzuni karibu na mahali alipofia mamaye, akaacha kula, akaugua. Hazikupita wiki nyingi naye akafa.

Basi, mtu akikuletea mtoto wa sokwe ili umnunue, fahamu ya kuwa mama hamwachi mwanawe kwa hiari. Kwa kawaida ameuawa kwanza. Na kwa kuwa jike huzaa mara moja tu katika miaka mitano hivi, kundi halirudishi upesi kilichopotea. Usimnunue, bali upeleke habari kwa askari wa wanyama pori.

Maswali:
1. Sokwe atofautianaje na nyani?
2. Mtoto wa sokwe hujifunza nini kwa mamaye, na kwa njia gani?
3. Kwa nini kumchukua mtoto mmoja ni hasara kwa kundi zima?